Vibao 58 na Swali Moja: Kisa cha Bustani ya Bamburi Ndani ya Kompyuta

Mpwa wangu alimaliza bustani yake ya wanyama, ya ndani ya gemu ya kompyuta, usiku wa kuamkia Ijumaa. Akarekodi ziara ya dakika 14, kamera ikitoka langoni, ikipita kwa twiga na mamba, ikaishia kwenye bwawa la viboko, akawatumia wenzake wanaocheza gemu hiyohiyo. Ilikuwa kazi ya miezi minne, na sehemu kubwa aliifanya usiku, maana mchana laptopu ile hupata moto kama chungu cha mofa. Pongezi zilianza kuingia kabla ya adhana ya alfajiri. Kisha kijana mmoja wa Likoni akauliza, kwa nia njema kabisa: "Kali sana. Lakini hapa ni wapi?"

Bustani ile ni nakala ya Haller Park, bustani ya wanyama ya kweli iliyoko Bamburi, Mombasa. Kijana huyo wa Likoni amewahi kufika huko na shule, kama walivyofika watoto wengi wa Mombasa, na sare zao, soda mkononi, mwalimu akihesabu vichwa. Njia za mpwa wangu zinapinda zinapopinda za kweli. Kingo za mawe ni zilezile. Na ina vibao 58, vyote kwa Kiswahili, sita kati ya hivyo vikiwa na neno "Bamburi". Mtu katazama dakika 14, kapita mbele ya vibao 58 vya lugha yake mwenyewe, na hakusoma hata kimoja.

Kesi ililetwa kwangu kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Nina duka la kuchapa mabango na stika Majengo: majina ya maduka, matangazo ya maulidi na harusi, maneno ya nyuma ya tuktuk. Gemu siijui sana. Kibao kisichosomwa nakijua, nimelipwa mara nyingi kukitengeneza kwa sababu mteja hakutaka kusikia.

Gemu yenyewe ni Planet Zoo, ya kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, iliyotoka tarehe 5 Novemba 2019. Unajenga bustani ya wanyama kuanzia ardhi tupu: unachimba, unapanda, unazungusha ua, unaajiri watunzaji. Wanyama nao hawakubali kuishi popote tu. Kila mmoja ana madai yake ya nafasi, udongo, nyasi, joto na mimea. Kuna namna ya kucheza kwa kuhesabu mapato na matumizi, na kuna namna ya kujenga tu bila kudaiwa na mtu. Mpwa wangu hucheza hii ya pili. Kudaiwa, asema, anakupata vya kutosha nje ya kompyuta.

Kwenye vibao gemu ina koo mbili. Kuna ubao wa elimu: unauweka mbele ya ua, unauchagulia mnyama, na wageni wa gemu wakisimama kuutazama huhesabiwa kuwa wamejifunza kitu. Maneno yake ni ya gemu, wewe huyagusi. Halafu kuna mabango unayoyabandika picha yako. Picha unaichora nje, unaiweka kwenye folda iitwayo UserMedia, kisha unaichagua ukiwa ndani. Bango la namna hii halimfundishi mgeni wa gemu chochote. Vikaragosi vinavyotembea njiani vinalipita kama mti. Anayelisoma ni binadamu aliyekaa mbele ya skrini, basi. Nilimwambia mpwa wangu hilo tangu mwanzo: mteja wako ni yule kijana wa Likoni, na mteja amesema hajaona kitu.

Kabla ya makosa, nimpe haki yake. Mahali alipajua. Machimbo ya Bamburi yalianza miaka ya 1950. Jiwe la matumbawe lilichimbwa likawa saruji, na kilichobaki nyuma ni shimo jeupe lenye joto, maji yake ya chumvichumvi, udongo hakuna. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa ameajiriwa na kampuni hiyo ya saruji, alianza kupanda miti mle ndani. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu, na mvinje ndio uliokwenda mbio. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakarundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wenye miguu myekundu. Jongoo wakayala, na walichokitoa kikawa ndio mwanzo wa udongo. Mwaka 1984 pakafunguliwa kwa watu. Mpwa wangu alichimba shimo lake ndani ya gemu kabla ya kupanda mti hata mmoja, akaacha ukuta wa mwamba wazi upande wa magharibi ili mtu aone kwamba hapa palikatwa. Mivinje akaifanyia kwa msonobari mwembamba. Ukiwa na jicho, utapajua.

Nilitazama ziara mara mbili sikuona kosa kwenye miti wala mawe. Nikamwambia anifungulie folda ya picha za vibao. Hapo nikacheka, Mungu anisamehe, maana kijana alikuwa amechoka na macho yamemvimba.

Kibao cha kwanza kwenye njia ya kutoka kilisema TOKA.

Herufi nyeupe juu ya kijani, mshale chini, nadhifu kabisa. Alikuwa amepata picha za vibao vya bustani moja ya ng'ambo, akavipenda, akayatia maneno yake kwenye programu ya kutafsiri, akabadilisha maandishi na kuacha mpangilio ulivyo. Kisanduku kilichokatwa kwa neno la Kiingereza la herufi nne, EXIT, kilitaka neno la herufi nne, na tafsiri ikampa. Kule neno lile ni jina la mlango. Kwetu ni mtu amekasirika. Umelipa kiingilio, umekuja na mamako, na ubao unawafukuza nyote wawili.

Vingine vilikuwa ndugu zake. Penye ngazi: TAZAMA HATUA YAKO. Kwenye ghala: WAFANYAKAZI PEKEE, maskini, kana kwamba wameachwa. Kwenye jukwaa la kulishia twiga palikuwa na KITUO CHA UZOEFU WA TWIGA, ambacho hadi leo sijui kinamaanisha nini, na twiga pia hajui.

Nje ya duka langu kuna baraza, na kila siku baada ya Alasiri hukaa hapo mzee mmoja aliyekuwa fundi wa maandishi. Wa burashi na rangi ya mafuta, zamani, kabla ya mashine kama hii yangu kumnyang'anya riziki. Hajanisamehe vizuri, lakini kahawa yangu hunywa. Nikamwomba aingie. Mpwa wangu akamwamkia, akamgeuzia skrini. Mzee akavaa miwani, akapitisha vibao kimoja kimoja, kimya, mpaka kwenye ngazi.

"Haya kaandika nani?"

"Mimi, babu."

"Si wewe. Wewe nakusikia hapa nje kila siku, husemi hivi. Mtoto wa watu akishuka ngazi mbio, wamwambiaje?"

"Namwambia, angalia unapokanyaga."

"Basi andika hivyo. Nani kakukataza?"

Ikawa ndiyo namna ya kazi kwa jioni tatu. Mzee hakuuliza kibao kinasema nini. Aliuliza ungekuwa umesimama pale mwenyewe na mtu anakuja, ungemwambiaje. ANGALIA UNAPOKANYAGA. ASIYE MFANYAKAZI ASIINGIE. Kwa twiga pakawa LISHA TWIGA HAPA. TOKA ikawa NJIA YA KUTOKEA, na hapo tukagundua kwamba kisanduku chake hakitoshi, kwa sababu sasa tuna herufi na nafasi 15 badala ya 4. Hilo jambo dogo limeharibu vibao vingi vya kweli mjini humu, si vya gemu tu. Neno la Kiswahili hubeba mzigo wote mgongoni, mtendaji, wakati na kitendo, likatoka refu: HAWARUHUSIWI pekee ni herufi 12. Ukilisukuma kwenye umbo lililochorwa kwa maneno mafupi, ama utalibana herufi mpaka zionekane zimepigwa na njaa, ama utalikata katikati. Mpwa wangu alizibana. Dawa ni kurefusha ubao. Kwenye gemu hata mbao hailipiwi. Alikuwa anabania kitu cha bure.

Tulibishana mahali pamoja tu. Mzee ni mtu wa Mvita haswa, akataka NDIA YA KUTOKEA. Nikakataa. Bustani kama ile ina mwenyewe, ina ofisi, na ofisi huandika Kiswahili cha shule. Akasema Mombasa isiyosema "ndia" ni Mombasa gani. Tukawa tumekwama mpaka mpwa wangu, ambaye alikuwa kanyamaza akitafuna kashata, akauliza kama vibao vyote ni lazima viwe vimeandikwa na mtu mmoja.

Nikiulizwa bustani ile iliokolewa wapi, nitasema hapo. Vibao 58 vya kwanza vilikuwa na fonti moja, rangi moja, sauti moja, kama vimetoka kwenye katoni moja asubuhi moja. Hakuna mahali pa kweli palipo hivyo. Kuna kibao cha ofisi, kuna kibao alichoandika mlinzi kwa sababu alichoka kuulizwa choo kiko wapi, kuna cha muuza madafu. Tukagawana. Vya ofisi nikavichora mimi, safi, Kiswahili sanifu. Kibanda cha madafu akaachiwa mzee, akakiandika kwa burashi kweli juu ya karatasi ya manila, NDOO UNYWE DAFU, tukaipiga picha tukaiingiza kwenye folda. Herufi O zake mbili hazilingani, na ndiyo picha nzuri kuliko zote humo. Nyuma ya ghala, kwenye ukuta ambao mgeni hapiti ila kamera inaweza kuuchungulia, tukaweka USIKOJOE HAPA. Kwenye geti la mlinzi, MBWA KALI. Najua ni mbwa mkali. Kila Mkenya anajua ni mbwa mkali, na geti likiandikwa hivyo kwa usahihi utadhani umefika nchi nyingine.

Sasa umbali. Hapa ndipo penye hesabu, na ndipo vijana wengi wanaotengeneza vibao vya gemu huanguka, kwa sababu wanachora wakiwa na pua kwenye skrini.

Kibao chake cha mamba kilikuwa na maneno zaidi ya 120. Jina la kisayansi, urefu, uzito, chakula, idadi ya mayai, hatari zinazomkabili. Nilikichapisha kwenye karatasi kwa ukubwa uleule uliopo ndani ya gemu, upana wa mita 1, nikakibandika kwenye ukuta wa duka lililo mkabala, nikamwambia asimame kando yangu asome.

"Siwezi kusoma, mjomba, mbali."

"Kutoka njiani hadi kibao cha mamba wako ni mita ngapi?"

"Tano hivi."

"Na hapa ni mita tano."

Sisi watu wa mabango tuna kipimo cha mkono: sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, ukitaka mtu asome bila kuhangaika. Picha yake ilikuwa na pikseli 1,024 kwa upana, kwa hiyo pikseli moja ilikuwa kama milimita moja. Herufi zake zilikuwa na urefu wa pikseli 12. Milimita 12 zinasomeka vizuri ukiwa mita 1 na nusu, yaani mgeni awe ameingia zaidi ya nusu ya njia ndani ya ua. Kwa mita 5 unahitaji zaidi ya milimita 40. Herufi za kimo hicho, ukiacha pambizo, zinaingia kama 25 kwa mstari, na 25 kwa Kiswahili ni maneno manne. Mistari sita basi. Maneno 24. Hiyo ndiyo bajeti yako kwa kibao cha upana ule, na mamba ana mayai au hana mayai.

Kompyuta nayo huongeza shida ambayo ukuta hauna. Kamera ikiwa mbali, kadi ya picha hutumia nakala ndogo ya picha ileile ili isijichoshe, na katika nakala ndogo mstari mwembamba unayeyuka kabisa. Fonti yake ilikuwa ya mistari myembamba, ya kupendeza, ya mwaliko wa harusi. Kwenye ziara ilikuwa ukungu. Tukahamia herufi nene, na ile nyeupe ya nyuma tukaitia rangi kidogo ikawa kama maziwa ya chai, maana nyeupe tupu ilikuwa inang'aa chini ya miti kama televisheni.

Kimo pia. Macho ya mtu mzima aliyesimama yako kama mita 1.5 toka chini; ya mtoto wa darasa la kwanza yako kama mita 1.1. Vibao vyake vyote vilikuwa juu ya mita 2 kwa sababu kamera yake ya kujengea hukaa juu kama kunguru. Nilimwambia aishushe mpaka usawa wa macho ya mgeni, atembee bustani nzima hivyo bila kujenga kitu. Alirudi kimya. Vibao 19 havikuonekana kabisa, vimefichwa na matawi aliyoyapanda mwenyewe. Vile vifupi vya mbele ya ua tukavilaza kwa mwinamo wa kati ya digrii 30 na 45, kama meza ya kusomea, mtoto aone na mzazi asizibiwe mnyama.

Nilikosea mimi pia, nikiri. Baada ya hesabu zile nilipata kichaa cha kupunguza, nikamfanya aondoe vibao mpaka vikabaki 12. Ziara ya majaribio ikawa bubu. Unatembea dakika mbili hujaambiwa kitu, unahisi umepotea kwenye shamba la mtu. Tukarudisha polepole, hasa vidogo visivyo na maana kubwa: choo, maji ya kunywa, mshale, jina la mti. Tulitulia kwenye 31.

Uchakavu ulikuwa rahisi kwangu. Alikuwa amevitia vyote kutu ileile kwa kiasi kilekile. Jua la Mombasa hula nyekundu kwanza. Bango langu lenye nyekundu hupauka likawa waridi wakati nyeusi bado iko imara. Kwa hiyo kibao kilicho wazi langoni kikapauka nyekundu tu. Vilivyo chini ya mivinje havipati jua, vinapata kijani cha ukungu kwenye kona ya chini na majani makavu juu ya ukingo. Misumari ikatiririsha kutu upande unaotazama bahari. Na juu ya bango la lango, kinyesi cha kunguru. Mpwa wangu alidhani natania.

Tukaja kwa mamba, ambaye alikuwa na tatizo kubwa kuliko herufi. Mamba wa Haller Park ni wa Mto Nile, ndilo jina la aina yake, hata wa Mto Tana ni haohao. Kwenye gemu aliyonayo mpwa wangu, ile ya msingi, mamba aliyekaribia kufanana naye ni wa maji chumvi. Kwa hiyo aliweka mamba wa maji chumvi, akachora bango linalosema ni wa Mto Nile, na hatua tatu kando yake ukasimama ubao wa elimu wa gemu unaosema ukweli. Vibao viwili, mnyama mmoja, majina mawili.

Yeye alitetea kwamba bustani ni nakala, na nakala hufuata asili. Mimi nilikuwa nusu nusu. Wachezaji wengi hufanya hivyo, humvalisha mnyama aliyepo jina la asiyekuwepo, na watazamaji huelewa. Mzee ndiye aliyekataa katakata. Alisema katika miaka yake yote ya burashi aliwahi kuandika matusi ya wapinzani wa siasa, alishaandika bei za uongo, ila hakuwahi kuandika jina la mtu kwenye mlango wa mtu mwingine. "Mgeni akisoma anauliza kitu kimoja: huyu ni nani? Ukimdanganya hapo, hata choo hatakwenda unakomwelekeza."

Bango jipya likawa hili:

MAMBA WA MAJI CHUMVI
Kwao ni Asia ya
Kusini-Mashariki na
kaskazini mwa Australia.
Wa kwetu, wa Mto Tana,
hakuweza kufika leo.

Maneno 21. Mpwa wangu aliandika mstari wa mwisho kwa mzaha, akaenda kuufuta, mzee akamshika mkono.

Kibao kimoja tuliruhusu kiwe kirefu, na nilipigania mwenyewe. Kiko kando ya benchi, kati ya ua wa kiboko na ua wa kobe wa Aldabra ambazo ndani ya gemu zinapakana. Mtu aliyeketi hana haraka, miguu inamuuma, na yuko mita 1 tu kutoka ubaoni. Hesabu yake ni nyingine. Kinasema hivi:

"Desemba 2004, baada ya mawimbi ya tsunami, kiboko mdogo aliyepotezana na wenzake alionekana baharini karibu na Malindi. Watu wakamnasa kwa nyavu, akaletwa hapa Bamburi. Alipofunguliwa akamkimbilia kobe mkubwa aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajibanza nyuma yake. Kobe hakupenda, akasogea. Kiboko akamfuata. Baada ya siku chache wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Kiboko aliitwa Owen. Kobe jina lake ni Mzee."

Na cha langoni, ambacho zamani kilikuwa na aya tatu kuhusu uhifadhi wa mazingira:

"Hapa palikuwa shimo la mawe ya saruji. Mwaka 1971 ikapandwa mivinje. Jongoo wakala majani makavu, udongo ukarudi. Unapokanyaga ni kazi yao."

Nilitaka kuondoa sentensi ya mwisho, niliiona imejipamba. Wakanishinda kura mbili kwa moja.

Ziara ya pili ilikuwa ya dakika 11. Safari hii watazamaji walikwama kwenye vibao mpaka nikaanza kuona haya. Mmoja alisimamisha video kwenye MBWA KALI akaandika somo zima la ngeli. Wawili wa Kisauni walibishana kama NDOO ya kwenye kibanda cha madafu ni "njoo" au ni ndoo ya maji, mmoja wao akiapa kwamba muuzaji amesahau kuandika bei ya ndoo. Pale kwa mamba wakacheka kwa mfululizo. Hakuna aliyeuliza ni wapi.

Kisha mpwa wangu akaipakia bustani kwenye Steam Workshop, mahali pa mtandaoni wachezaji wanapopeana kazi zao, ili wenzake waishushe wazunguke wenyewe, na akasahau jambo moja. Picha ulizoweka kwenye folda yako hazisafiri na bustani. Majengo yatafika, miti itafika, mamba atafika. Picha hubaki nyumbani kwako. Anayeshusha lazima apewe faili zile kando, aziweke kwenye UserMedia yake, na majina yawe yaleyale, maana gemu huitafuta picha kwa jina lake. Yeye majina alikuwa amebadilisha mara mbili katika jioni zile tatu, "mamba_mpya", "mamba_mpya2", "mamba_mwisho_kabisa". Ilibidi akae kuyanyoosha yote 31 kabla ya kuyafunga kwenye faili moja ya kutuma.

Alikuwa bado anayanyoosha, dukani kwangu, saa moja jioni, mzee keshakwenda kuswali Magharibi, simu ilipoita. Ujumbe wa sauti, yule kijana wa Likoni. Nyuma yake inasikika honi ya feri.

"Kaka, nimeshusha, nimefika hapa kwa mamba. Watu walikuwa wakicheka nini? Kwangu mimi hapana maandishi."